Shamba Lisilojibu

Kwa msomaji anayekutana nami leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Mwalimu Aida, mzaliwa wa Mbozi, niliyeolewa Kamsamba. Ninafundisha sayansi katika shule ya msingi ya kijiji hiki. Msimu huu nilitengeneza mashine ya kufukuza ndege mpungani, nikaifunga katika shamba la mama mkwe wangu, Mama Fides. Mashine ilifanya kazi, nikasifiwa. Wiki iliyopita niliishia pale nilipofungua mlango asubuhi na kumkuta jirani yetu wa shamba, Mzee Yesaya, amesimama kizingitini na fungu la masuke mkononi.

Hakuitikia shikamoo yangu.

Aliyatupa masuke yale miguuni pangu.

"Okota moja," alisema. "Liminye."

"Mzee wangu, kuna nini?"

"Wewe si mtu wa kupima mambo? Liminye, upime."

Nililiokota, nikaliminya kwa kucha. Mpunga wa wakati huu hutoa maziwa meupe. Suke lile halikutoa kitu. Lilikuwa mapepe matupu, maganda yasiyo na punje.

"Ni ndege," nilisema.

"Ni ndege wako."

"Mzee wangu, ndege hawana mwenyewe."

"Hawakuwa naye. Tangu ulipofunga vidude vyako, wamempata."

Nyuma yake alisimama Tukuswiga, dada mkubwa wa mume wangu, amejifunga khanga kwa mkazo kama mtu aliyejiandaa kwa siku ndefu. Alikuwa anatabasamu.

"Wifi yangu msomi," alisema, "mbona unapepesa macho? Watu wamekuja kushukuru."

Sina budi kuieleza mashine yenyewe, kwa maana wengi waliiona kwenye simu tu.

Nilikata madumu ya plastiki, moja dogo, moja la kati na moja kubwa, nikayaning'iniza kando ya mfereji. Maji huingia taratibu. Dumu likijaa huelemewa, huinama, humwaga maji yake na kuivuta kamba iliyopita juu ya mpunga, nayo kamba imefungwa makopo. Kisha dumu tupu hurudi mahali pake na kuanza upya. Kwa kuwa madumu hayalingani, makopo hayalii kwa mpango unaotabirika. Kweleakwelea, ndege hawa wala nafaka, huzoea kila kitu. Huzoea sanamu, huzoea bati, huzoea hata kombeo. Mlio ule hawakuuzoea.

Sikuitengeneza kwa ajili ya sifa. Mama Fides ana kifua kibovu na hawezi tena kushinda juu ya dungu, jukwaa la kulindia ndege, akipiga kelele. Shamba lile ndilo linalomlisha mwaka mzima. Mume wangu, Gasper, yuko Tunduma kwenye biashara ya mchele, na mimi niko darasani. Nilidhani nimepata jibu.

"Tangu lini mpunga wako umeanza kuliwa, Mzee?" nilimuuliza.

"Tangu shamba lenu lilipoacha kujibu."

"Kujibu nini?"

Wote wawili walitazamana. Tukuswiga alicheka hadi akashika kiuno.

"Hajui!" alisema. "Miaka yote hii amekaa bondeni, hajui!"

Mzee Yesaya hakucheka. Alinieleza polepole, kwa hasira ya mtu anayelazimishwa kueleza kwamba maji yanalowesha.

Katika bonde letu ndege hawafukuzwi ovyo. Hupokezwa. Mwenye shamba la juu huwainua, huwasukuma upande wa chini na kuita, "Pokea!" Jirani wa chini huitika, "Nimepokea!" naye huwasukuma kwa anayefuata. Hivyo hivyo, kutoka shamba hadi shamba, mpaka kwenye matete ya mtoni ambako hakuna aliyepanda kitu. Shamba la Mzee Yesaya liko juu. La Mama Fides linafuata. La Tukuswiga liko chini, linapakana na matete.

Nilikuwa nimezisikia kelele zile kila msimu. Nilidhani watu wanatiana moyo.

"Nimeita pokea mpaka koo limeota kidonda," Mzee Yesaya alisema. "Kwenu yanajibu makopo."

"Lakini ndege wakitoka kwetu, si wanakwenda mbele?"

"Njoo useme hayo mbele ya mwenyekiti," alijibu, akageuka.

Kabla sijavaa viatu, simu iliita. Ilikuwa ya Gasper.

"Aida, nasikia umemnyang'anya Mzee Yesaya chakula chake."

"Nani amekuambia?"

"Dada. Amenipigia nikiwa katikati ya kupakia magunia, Wazambia wananisubiri. Mke wangu, nilikuacha hapo umtunze mama. Sikukuacha ufungue karakana."

"Mashine ndiyo inayomtunza mama."

"Ifungue, uitoe shambani."

"Kabla sijasikilizwa?"

Nilisikia watu wakipigiana kelele nyuma yake kwa Kibemba.

"Mimi nimelelewa juu ya dungu," alisema. "Nilijua kuitika 'nimepokea' kabla sijajua kusoma. Uliponipigia kuhusu mashine yako, ulinieleza habari za madumu. Habari za ndege hukuniuliza."

Akakata.

Ofisi ya kitongoji ni chumba kimoja kando ya kinu cha kukobolea mpunga. Siku ile kinu kilizimwa ili tusikilizane. Mwenyekiti, Bwana Mbonile, aliketi kwenye gunia la pumba. Watu walijaa mlangoni na madirishani. Wengi wao nilikuwa nimewafundishia watoto. Hakuna aliyenipisha nipite.

"Mwalimu," alianza mwenyekiti, "unashtakiwa kwa kumrudishia Mzee Yesaya ndege."

"Ndege hawarudishwi, Mheshimiwa. Ndege hukimbia kelele."

"Mwangalie!" mtu alisema dirishani. "Hata hapa anafundisha."

"Kwao wanachuma kahawa," mwingine alidakia. "Kahawa hailiwi na ndege. Atajuaje?"

"Arudi basi akachume!"

Tukuswiga alipaza sauti kuliko wote. Alisema mashine ile ni uvivu uliovalishwa kamba. Alisema mama yake mzazi amegeuzwa kichekesho cha bonde. Alisema yeye, binti wa shamba lile, hajapata usingizi kwa aibu.

Nilimsikiliza, nikakumbuka kwamba mpunga wake ulikuwa umenona kuliko wa mtu yeyote pale. Sikujiuliza kwa nini. Hilo nalo ningepaswa kulipima.

Badala yake nilisimama na kusema maneno ambayo bado yananiuma.

"Naomba tufanye jaribio. Twende shambani jioni, ndege wanaporudi kula. Kila mtu aone kwa macho yake. Mashine ikionekana ina hatia, nitaifungua kwa mikono yangu."

Bwana Mbonile alitikisa kichwa kukubali. "Mwalimu amesema haki. Twende tukaone."

Nilitoka pale nikiwa na uhakika wa mtu aliyekwisha kuyaona majibu.

Jioni tulijipanga juu ya tuta linalotenganisha majaruba ya mpunga. Mama Fides alikuja pia, polepole, akiegemea fimbo. Hakusimama karibu nami. Mzee Yesaya alipanda dungu lake.

Kundi lilitokea juu ya bonde, zito, kama vumbi la ng'ombe wanaotoka mnadani. Likashuka kwenye mpunga wa Mzee Yesaya.

Mzee alipiga kelele. Sauti ilitoka imekwaruzika, lakini ilitosha. Ndege waliinuka wote kwa pamoja.

"Pokea!" aliita.

Kundi lilikuja upande wetu. Ndipo dumu dogo lilipojaa. Liliinama, kamba ikavutika, makopo yakalia.

Ndege hawakupita kwenda mbele. Walijikunja angani kama shuka linalokunjwa na watu wawili, wakageuka, wakarudi walikotoka.

Mzee aliwainua tena. "Pokea!"

Dumu la kati likainama. Wakarudi.

Aliwainua tena, safari hii kwa kupunga shati lake kwa sababu sauti haikutoka. Dumu kubwa lilimjibu kwa kishindo. Wakarudi kwa mzee na kutua, na huko wakatulia.

Mzee Yesaya aliketi juu ya dungu, shati mkononi. Katika ukimya ule tulisikia mchakacho wa midomo ikivunja mpunga.

Na upande wa chini, shamba la Tukuswiga lilikuwa kimya kabisa, bila ndege hata mmoja. Mashine yangu ilikuwa imemjengea ukuta.

"Mwalimu," Bwana Mbonile aliniita. "Umeona?"

"Nimeona."

"Majibu ya jaribio?"

"Aandike ubaoni!" Tukuswiga alisema, na tuta zima likacheka.

Nilikuwa na wazo, na nililisema upesi kabla kicheko hakijaisha. "Mheshimiwa, nipeni nafasi niirekebishe. Nikihamisha makopo yote yakae upande wa juu tu, na mtu akasimama hapa kuitika, inaweza kuwasukuma ndege waende chini, mpaka mtoni."

"Waje kwangu!" Tukuswiga aliruka. "Mmesikia? Amemmaliza mzee, sasa ananifuata mimi!"

"Watapita kwako, wifi, kama zamani. Utawapokea na kuwapeleka kwenye matete."

"Nipokee kopo? Kopo lina mdomo? Mwenyekiti, mwanamke huyu hatakoma!"

Watu walimuunga mkono. Mtu alinirushia donge la tope. Halikunipata, lakini halikukusudiwa kunikosa.

Bwana Mbonile aliinua mkono.

"Mashine inatoka leo. Hilo la kwanza. La pili, Mzee Yesaya ana mke mgonjwa na wajukuu ndani. Hawezi kula majaribio. Mpunga uliobaki kwake ukiokoka, tutashukuru. Usipookoka, siku ya kuvuna ataingia katika shamba la Mama Fides na kuvuna humo."

"Mheshimiwa!" nilisema. "Shamba si langu! Mama huyu hana kosa!"

"Mashine ilifungwa shambani kwake."

Nilimgeukia mama mkwe wangu. Siku za amani huniita mwanangu. Siku zile nyingine huniita kwa kazi yangu.

"Mwalimu," alisema, "ulinikuta nina shamba."

Alianza kurudi nyumbani, fimbo yake ikizama kwenye tope, na aliponikaribia ili kumshika mkono aliuondoa.

Samahani, msomaji. Nilitaka kuandika kwamba nilipomkaribia aliuondoa mkono. Hata leo sentensi hii hainikai sawa.

Nilifungua mashine mbele ya watu, kamba baada ya kamba. Hakuna aliyesaidia isipokuwa mtu mmoja, na ajabu ni kwamba mtu huyo alikuwa Tukuswiga.

"Mwenyekiti," alisema, "vitu hivi nitavitunza mimi. Vikibaki kwa wifi, atavifunga tena watu wakigeuka."

"Chukua," Bwana Mbonile alijibu. Alikuwa amechoka nasi sote.

Tukuswiga alikunja kamba vizuri sana, bila kuvuruga mafundo. Makopo aliyapanga kwenye gunia moja moja. Nilimtazama, nikajisikia mwenye deni la shukrani. Angalau mmoja wa ukoo alikuwa anainama pamoja nami kwenye tope.

"Hili dogo," aliuliza, "lilikuwa linakaa juu ya mfereji au chini?"

"Juu kabisa. Linatakiwa lipate maji kabla ya mengine."

"Na hili tundu la ubavuni?"

"Hilo hulifanya liiname upande mmoja tu. Likizibwa, halirudi mahali pake."

"Aa." Aliligeuza mkononi. "Na jiwe hili lililofungwa mkiani?"

"Ni la kulirudisha likishamwaga maji. Lazima liwe zito kuliko dumu tupu na jepesi kuliko dumu lililojaa."

"Nauliza tu, yasije yakachanganyika stoo," alisema.

Nilimjibu yote, kwa utaratibu, kama ninavyomjibu kila anayeuliza swali zuri. Alijitwika gunia, akaondoka zake kupitia njia ya mtoni. Nyumba yake iko upande wa shule. Niliona, lakini sikutia maanani.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Kulipopambazuka nilikuwa juu ya dungu la Mama Fides, na mfuniko wa sufuria mkononi. Yeye mwenyewe aliketi chini, kwenye kigoda, amejifunika blanketi. Alikuwa amekuja bila kuniambia, na hakuniambia kwa nini. Panga lake la kufyekea majani lilikuwa limeegemezwa kwenye nguzo ya dungu.

Nilijua kazi yangu. Ndege wangetoka kwa Mzee Yesaya. Ningewapokea, ningewapeleka kwa Tukuswiga, naye angewapeleka kwenye matete. Kama kila mtu angetimiza zamu yake, mpunga uliobaki kwa mzee ungepona, na shamba la mama lisingeguswa.

"Pokea!" Mzee Yesaya aliita kutoka juu.

Darasani sipazi sauti. Huwa nasubiri watoto wanyamaze wenyewe. Nilifungua mdomo, kikatoka kitu chembamba.

"Nimepokea!"

"Nani huyo?" mzee aliuliza. "Ni mwalimu au kifaranga?"

Majirani wa mbali walicheka. Uso ulinichoma, lakini ndege walikuwa wamefika. Walijimwaga kwenye jaruba la kwanza.

"Usisimame hapo kama nguzo!" mzee alinifokea. "Teremka! Wazunguke nyuma! Wasukume ukifuata tuta!"

Niliteremka. Nilikimbia juu ya tuta, nikiugonga mfuniko kwa kijiko, nikapiga kelele ambazo sikujua ninazo. Niliteleza, nikaanguka kwenye jaruba, nikainuka na tope hadi kifuani. Sikuacha kupiga kelele.

Wakainuka.

Wote waliinuka kwa pamoja, wakapita juu ya kichwa changu kuelekea chini, upande uliotakiwa. Nilisikia upepo wa mabawa yao kwenye nywele. Hakuna hata mmoja aliyegeuka nyuma.

"Ehee!" Mzee Yesaya alisema. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya masuke, sauti yake haikuwa na chuki. "Sasa mpe jirani! Ita!"

Nilijaza kifua.

"Wifi! Pokea!"

Nilisubiri jibu. Kwenye dungu la Tukuswiga hapakuwa na mtu. Yeye mwenyewe nilimwona ameketi kivulini, kando ya mfereji, miguu ameinyoosha, anamenya muhogo.

"Wifi! Wanakuja! Pokea!"

Alinitazama. Aliutia muhogo mdomoni.

Ndipo kitu kikalia.

Mlio wa kwanza ulikuwa mwepesi. Ukafuata mzito kidogo. Halafu kimya, kimya kirefu kiasi cha kukuaminisha kwamba yameisha, kisha kishindo. Niliujua mlio ule kama ninavyoijua kengele ya shule. Kamba zilikuwa zangu, makopo yalikuwa yangu. Dumu dogo lilikuwa juu kabisa, ili lipate maji kabla ya mengine.

Kundi lilijikunja angani.

"Mwalimu!" Mzee Yesaya alipiga kelele. "Wanageuka! Umefanya nini tena?"

"Si mimi!"

"Nasikia makopo yako!"

"Si mimi, Mzee! Si mimi!"

Nani angeniamini? Bonde zima lilikuwa linasikia makopo yangu.

Ndege walirudi wakatua kwenye mpunga wa Mama Fides, kuanzia tuta la chini hadi la juu, na safari hii hapakuwa na kamba wala dumu la kuwazuia. Masuke yaliinama chini ya uzito wao. Niligonga mfuniko hadi kijiko kikapinda. Waliruka hatua chache, wakatua tena.

Nilirudi mbio hadi chini ya dungu, nikamtazama mama mkwe wangu.

Alikuwa amesimama. Blanketi lilikuwa limeanguka kwenye tope. Hakuwatazama ndege, wala hakunitazama mimi. Alimtazama binti yake aliyemzaa, aliyekuwa anatafuna muhogo kivulini huku makopo yakilia nyuma yake.

Alinyoosha mkono wake kuelekea nguzo ya dungu, lakini haukufika.

"Mwanangu," aliniambia, "nipe hilo panga."